Bao la Baba na Mapumziko ya Mama

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wengi huniuliza kwa sauti ya chini wanaposubiri zamu yao kliniki. Si pombe, wala si nyumba ndogo. Ni bao. Mama mmoja husema hivi: "Dada nesi, mume wangu ni mtu mwema. Halewi, hanipigi, mshahara anauleta. Lakini akitoka kazini anapitia kwenye bao, na mimi namwona saa tatu usiku. Je, nina haki ya kulalamika?"

Wengi wao wamekwisha kuambiwa na majirani, "Nyamaza wewe, shukuru wako hanywi." Basi wananyamaza, na kimya hicho kinageuka uchungu, na uchungu unageuka ugomvi juu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga. Jibu langu kwa mama huyu ni kwamba haki ya kusema anayo. Ila asiseme juu ya bao lenyewe. Aseme juu ya muda wa mapumziko, na jinsi unavyogawanywa ndani ya nyumba yake.

Bao si adui

Hapa kwetu Dindira, wilayani Korogwe, tunaishi kwenye milima ya Usambara, na watu wengi wa huku wameijua kazi ya chai tangu utoto. Anayeijua kazi hiyo anajua maana ya kushinda mteremkoni na kikapu mgongoni, mvua ikikunyeshea, na majani yakichipua haraka kuliko mikono yako. Mtu aliyemaliza siku ya namna hiyo anahitaji mahali pa kukaa na kucheka na wenzake. Wahenga wa siku hizi wanasema, kazi na dawa.

Tena bao si mchezo wa wavivu, kama baadhi yetu tunavyouita tukiwa na hasira. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64, ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akizitia moja moja wakati wa kunamua. Zikiisha za mkononi, ndipo unapoanza mtaji. Mchezaji mzuri anatakiwa kujua kichwani kete yake ya mwisho itaangukia wapi baada ya kuzunguka ubao mara kadhaa. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kupenda bao. Mtaalamu mmoja wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alichunguza jinsi mabingwa wa bao wa Zanzibar wanavyofikiri, akaandika kitabu juu yao mwaka 1995. Kwa hiyo mama, ukianza mazungumzo kwa kumwambia mumeo kwamba anapoteza akili kwenye mbegu za porini, umekwisha kumtukana, na hatasikia neno la pili.

Uzuri mwingine ni kwamba bao halina gharama. Ubao mmoja unatumika miaka mingi, na kete hazinunuliwi kila wiki. Anayekaa kwenye bao anarudi nyumbani na akili zake timamu.

Mahali ambapo mchezo unageuka

Hata hivyo dawa nayo ina kipimo chake. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi tulipokea alfajiri moja mtoto wa miaka miwili aliyekuwa na degedege. Homa ilikuwa imeanza mchana wa siku iliyotangulia. Mama alitaka kumleta jioni ile ile, lakini fedha za nauli ya pikipiki zilikuwa mfukoni mwa baba, na baba alikuwa kwenye bao. Mama alimtuma mtoto mkubwa mara mbili. Jibu lilikuwa, "Mwambie nakuja, tunamalizia hili." Lile likaisha, likaanza jingine. Baba aliporudi ilikuwa saa nne usiku, mvua inanyesha na njia inateleza, wakaona heri kungoja kukuche.

Tulimtibu mtoto akapona. Baba yule hakuwa mtu mbaya. Alikaa pembeni ya kitanda siku zote alizolazwa mwanawe, akimlisha uji kwa kijiko. Lakini akina mama, mtoto hakuwa na saa zile za kungojea. Mtoto wa chini ya miaka mitano akipata homa apelekwe kituo cha afya akapimwe malaria ndani ya saa 24. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea sana au kupoteza fahamu, hapo usihesabu saa, ondoka naye mara hiyo hiyo. Usiseme, "Huku mlimani kuna baridi, malaria haipandi." Inapanda. Na homa si lazima iwe ya malaria ndipo iwe ya hatari.

Kwa hiyo kila nyumba iwe na makubaliano haya mawili kabla ya jambo lingine lolote. Kwanza, mtoto akiugua, mzazi aliye karibu asingoje ruhusa ya mwenzake. Pili, fedha kidogo ya dharura ikae mahali ambapo baba na mama wote wanapajua, si kwenye mfuko wa mtu mmoja.

Na mama anapumzika lini?

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Baba akitoka kazini, kazi imekwisha. Mama akitoka kazini, awe mchuma chai, mwalimu au muuguzi, ndipo zamu ya pili inapoanza: kuni, maji, jiko, kuogesha watoto, kufua, na mgonjwa kama yumo ndani. Mama asiyeajiriwa naye zamu yake haina kengele ya kufunga.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018 juu ya kazi za nyumbani na za kulea ambazo hazina malipo. Kwa wastani wa dunia nzima, mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi hizo, na mwanamume saa 1 na dakika 23. Saa tatu za tofauti, mpendwa msomaji, ndizo hizo tunazoziona kwenye baraza la bao. Hazikudondoka kutoka mbinguni. Kuna mtu nyumbani anayezilipia kwa mgongo wake.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa asifanye kazi ya kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki, na apewe angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Jikoni sheria hiyo haiingii. Lakini sisi wenye kusoma Biblia tunajua kwamba amri ya siku ya mapumziko, katika kitabu cha Kutoka, iliwataja hata watumishi na wanyama wa kazi. Kama ng'ombe alikumbukwa, mama wa nyumba hawezi kusahauliwa.

Uchovu usiokwisha si sifa njema. Kazini kwetu tunawaona akina mama wanaokuja na maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, hasira za karibu. Tunawapima presha na damu, na inatupasa kupima, kwa maana upungufu wa damu na presha ya juu ni vitu vya kweli. Lakini mara nyingine vipimo vyote ni safi, na nikiuliza, "Mama, mara ya mwisho ulikaa chini lini bila kazi mkononi?" anacheka, halafu machozi yanamlengalenga.

Si kwetu peke yetu

Msidhani jambo hili ni la Waafrika tu. Uingereza, mwandishi H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za kuchezea vita kwa askari wadogo wa sanamu, na kitabu kile kilikuwa cha watu wazima pia. Mwaka 1983 ulianza huko huko mchezo wa mezani uitwao Warhammer. Mchezaji hununua vinyago vidogo vya askari, huviunganisha, kisha hukipaka kila kimoja rangi kwa brashi nyembamba. Jioni nyingi hupita kabla hata ya kuanza kucheza. Ni watu wenye kazi zao na familia zao, na nyumba zao hukutana na maswali yale yale matatu: muda unatoka wapi, fedha inatoka wapi, na meza ya kulia chakula ni ya nani? Mchezo ukiwa bao, drafti, karata au vinyago, maswali hayo matatu ndiyo ya kujibiwa.

Muda. Mkubaliane siku na saa. Nyumba nyingine hufaa siku tatu kwa wiki, mwisho saa moja na nusu jioni. Nyumba nyingine Jumamosi alasiri yote. La maana ni kwamba saa ijulikane mapema, kwa sababu kinachomchosha mama zaidi ni kutojua. Kama mmoja wenu anafanya kazi za zamu, kaeni na ratiba mkononi kila mwanzo wa mwezi. Nyumbani kwetu tunafanya hivyo. Wiki ninayoingia usiku, baba watoto hatoki jioni, yeye ndiye mwenye jiko na madaftari ya shule. Wiki ninayoingia asubuhi, ana jioni zake mbili za bao, nami sipigi simu kumwuliza yuko wapi.

Fedha. Bao la kujifurahisha liwe la kujifurahisha. Mkianza kuwekeana soda, kesho itakuwa shilingi elfu, na keshokutwa mtu atakuwa anarudisha deni badala ya kupumzika. Hapo si mchezo tena, ni kamari, na iitwe kwa jina lake.

Mahali. Siku nyingine bao lije nyumbani. Mkaribishe rafiki yake mmoja, chemsha chai, na watoto wakae wakitazama. Kuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo, nalo mtoto wa darasa la pili analiweza. Hesabu za kujumlisha zinaingia kichwani bila fimbo. Na wasichana nao wafundishwe, kwa kuwa hakuna kanuni ya bao inayosema kete ni za mwanamume.

Mama naye awe na lake

Hapa ndipo akina mama tunapojikwaa. Mwanamke akipata saa moja ya bure huitafutia kazi. Akishona vitambaa, anaulizwa anauza bei gani. Mimi napenda kufuma sweta, na kwa baridi ya huku hakuna anayenicheka. Huenda mwaka mzima nikamaliza mbili tu, moja ya mjukuu wa jirani. Mradi una mahali pake, lakini si kila kinachopendwa na mama lazima kilete fedha. Awe na kwaya, kusuka ukili, kusoma gazeti hili hadi ukurasa wa mwisho, au kwenda kumwona rafiki bila sababu. Saa zake ziandikwe kwenye makubaliano kama zilivyoandikwa za baba, na wakati huo baba ashike nyumba kweli, asiwe anaita kila dakika, "Mama nanihii, chumvi iko wapi?"

Namna ya kulianzisha neno hili nayo ni muhimu. Usimwendee mbele ya wachezaji wenzake kumwaibisha, wala usimngoje mlangoni usiku akiwa na njaa. Chagua saa ya utulivu, umwite kwa heshima unavyomwita siku zote, umwambie, "Baba watoto, naona bao linakupumzisha, nami nafurahi. Mimi pia nimechoka. Tupange, wote tupumzike." Wanaume wengi wakiambiwa hivyo huelewa, maana hawakuwahi kuhesabu. Asipoelewa mara ya kwanza, rudia siku nyingine, au mwombe mtu mzima anayemheshimu akae nanyi. Lakini kama jibu lake ni ngumi, suala si bao tena. Usilifiche. Waambie wazee wenye busara, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Kwa akina baba wanaosoma ukurasa huu baada ya wake zao kuumaliza, naomba jambo moja dogo. Wiki hii mwulize mama watoto angependa kufanya nini kama angepewa jioni moja mkononi mwake. Akikosa jibu la haraka, msimcheke. Mpeni jioni hiyo kwanza, jibu atalipata mwenyewe.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chakula cha mama anayenyonyesha. Kaeni salama.