Mafuta ndani ya nyama kavu yanafukuza wateja

BIASHARA ya nyama kavu imetoka katika nyumba za wafugaji na kuingia madukani. Nyama ya ng'ombe, mbuzi na ngamia iliyokaushwa sasa inafungwa katika pakiti ndogo na kuuzwa kama kitafunio, kando ya njugu na korosho.

Hiyo ni habari njema kwa mfugaji na kwa mchuuzi. Nyama iliyokaushwa vyema haihitaji jokofu, haimwagi damu ndani ya matatu, na mwenye mtaji mdogo anaweza kuianza kwa kisu kikali, chumvi, wavu na jua.

Lakini mteja wa kitafunio si kama mteja wa sukari. Sukari atainunua tena apende asipende. Kitafunio akikifungua na kukutana na harufu ya mafuta ya zamani, hatakwambia lolote. Atakitupa, na wiki ijayo atanunua njugu.

Harufu hiyo haitokani na nyama. Inatokana na mafuta ambayo mkaushaji aliyaacha ndani ya nyama, mara nyingi akijua anachokifanya.

Sababu ya kuyaacha ni mzani. Mnofu wa ng'ombe una maji kama asilimia 70 na zaidi, kwa hivyo kilo moja ya steki tupu ikikauka sawasawa inabaki gramu 330 hivi. Mchuuzi aliyenunua kwa kilo na anayeuza kwa gramu akiona hesabu hiyo anashika kichwa.

Mafuta hayamhuzunishi hivyo. Yana maji machache mno, kwa hivyo karibu uzani wote unabaki.

Tupige hesabu. Chukua kilo moja ambayo ndani yake mna gramu 100 za mafuta. Gramu 900 za mnofu zitabaki 300. Mafuta yatabaki gramu 90 hivi. Jumla ni gramu 390 badala ya 330, na mchuuzi anadhani amepata faida ya gramu 60 bila jasho.

Hebu tuitazame pakiti hiyo kwa jicho la mnunuzi. Mafuta yaliyokuwa sehemu moja kwa kumi juu ya ubao wa kukatia nyama sasa yamekuwa karibu robo ya kile anachokitafuna. Kukausha kumeondoa maji ya mnofu na kuyaacha mafuta yakiwa mengi zaidi kwa kulinganishwa. Hata yule asiyekusudia kumpunja mtu anaishia kuuza mafuta kwa bei ya nyama.

Kuna wakaushaji wanaoamini kwamba chumvi na jua vinatosha kuhifadhi kila kitu. Hapa ndipo wengi wanapopotea.

Kukausha kunahifadhi nyama kwa kuwanyima bakteria na kuvu maji wanayoyahitaji. Mafuta hayaharibiki kwa njia hiyo pekee. Yanaharibiwa na hewa. Oksijeni inayavunja kidogo kidogo mpaka yachache, na joto na mwanga huharakisha jambo hilo. Chumvi pia huliharakisha, na hata madini ya chuma yaliyomo katika damu ya nyama. Nyama yenye chumvi iliyoning'inizwa juani siku kadhaa ina vyote hivyo kwa pamoja.

Kisha kuna tatizo la joto lenyewe. Mafuta ya ng'ombe huanza kulainika na kuyeyuka joto linapofika nyuzi 40 na zaidi, na chini ya paa la mabati au ndani ya kikaushio cha jua kilichofungwa nyuzi hizo hupatikana kabla ya saa sita mchana. Yakiyeyuka yanatambaa juu ya mnofu na kuufunika kama rangi ya ukutani. Maji yaliyo ndani hayapati njia ya kutoka. Ukanda unaonekana mkavu kwa nje, unang'aa, unapendeza, na katikati bado ni mbichi.

Ukanda kama huo ukifungwa katika plastiki ni hasara iliyokwisha kuandikwa.

Msimamo wetu basi ni kwamba mafuta yote yanayoonekana kwa macho yatolewe kwa kisu kabla nyama haijakatwa kanda, pamoja na kano na utando. Nyama ya paja inafaa kuliko ya mbavu au kidari, kwa kuwa mafuta yake yako nje na yanaondoka kwa urahisi. Mafuta yaliyoingia katikati ya nyuzi za nyama hakuna kisu kitakachoyatoa, na nyama hiyo afadhali iuzwe mbichi kwa mwenye kuchoma.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi mafuta ni adui wa nyama kavu.

Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wangetucheka tukisema hivyo. Nyirinyiri, ambayo Wasomali huiita pia oodkac au muqmad na Waborana wakaiita koche, imehifadhiwa ndani ya mafuta tangu zamani. Safari za ngamia zimekwenda nayo, na katika harusi za Kisomali hufungwa kwa ustadi ndani ya chombo ambacho jamaa za bwana harusi hupewa kazi ya kukifungua.

Kinachofaa kutazamwa ni jinsi inavyotengenezwa. Mnofu unakatwa kanda ndefu na kuanikwa kwanza. Ukishapoteza maji mengi unakatwa vipande vidogo, vidogo kama punje za mahindi au zaidi kidogo, na kukaangwa katika mafuta mpaka maji yaliyosalia yaishe na mafuta yaache kuchemka kwa povu. Hutiwa chumvi, na wengi huongeza iliki. Kisha hutiwa chomboni na kufunikwa kabisa kwa mafuta au samli, ambayo ikipoa huganda juu kama kifuniko. Hewa haiingii. Nyama inakaa miezi.

Mama aliyeitengeneza hajasoma habari za oksijeni, lakini amezijua. Ameweka mafuta nje ya nyama, si ndani, na ameyaweka baada ya maji kutoka, si kabla. Tofauti kati ya nyirinyiri nzuri na pakiti ya steki iliyochacha iko hapo.

Wanaotaka kuingia katika biashara ya nyirinyiri wasikurupuke. Vipande ambavyo bado vina maji vikizamishwa ndani ya mafuta vinakosa hewa, na wako bakteria wa sumu kali ambao hustawi mahali penye maji pasipo na hewa. Mtu anaweza kufa. Kukaanga mpaka maji yaishe si suala la ladha, na kijiko chenye maji kisiingizwe chomboni.

Pia mafuta yenyewe yawe mapya. Mafuta yaliyokwisha kukaanga viazi na mandazi mara tano yamevunjika tayari, na yakifunika nyama yataiharibu mapema. Yale ya maji yasiyoganda hayafungi chombo kama mafuta ya ng'ombe, ya mkia wa kondoo au ya nundu ya ngamia.

Wako watakaotukumbusha Afrika Kusini, ambako wapenzi wa biltong huagiza ile yenye ukanda wa mafuta ya manjano ubavuni na kulipa vizuri. Ni kweli. Lakini biltong hiyo hukatwa mbele ya mteja na kuliwa baada ya siku chache, ikiwa bado laini kwa ndani. Haikai rafuni miezi minne ikipigwa na taa ya duka. Tena, soseji zao kavu ziitwazo droëwors hutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe au kondoo, na mafuta ya nguruwe huepukwa kwa kuwa ni laini na huchacha haraka. Anayefikiria kukausha nyama ya nguruwe au kuku azingatie hilo.

Amerika Kaskazini nako wenyeji walichanganya nyama kavu ya nyati iliyopondwa na mafuta yaliyoyeyushwa, mara nyingi karibu nusu kwa nusu, wakapata pemmican iliyodumu kwa miaka. Ilikuwa bidhaa ya thamani kiasi kwamba mwaka 1814 amri ya kuzuia isitolewe nje ya koloni la Red River ilizusha uhasama mkubwa kati ya makampuni ya biashara ya ngozi za wanyama. Huko nako nyama ilikaushwa bila mafuta kwanza, na mafuta yakayeyushwa peke yake.

Kwa hivyo mchuuzi anayelia kwamba akitoa mafuta atapata hasara hajamaliza hesabu yake. Mafuta aliyoyatoa ni bidhaa ya pili. Yakiyeyushwa kwa moto mdogo na kuchujwa, watengenezaji wa nyirinyiri watayanunua, na yasiyofaa kuliwa huenda kwa wenye kupika sabuni.

Jambo ambalo linatupa hamu zaidi katika habari hii linamhusu mfugaji.

Katika bucha ng'ombe aliyenona ndiye mfalme. Yule wa nyanda kavu, aliyetembea kilomita nyingi kutafuta maji, hudharauliwa na dalali kwa kuwa hana mafuta, na mwenyewe hurudi nyumbani na pesa za kumtia aibu. Kwa kukausha, mambo yanageuka. Ng'ombe mwenye afya, wa umri wa kati, asiye na mafuta mengi, ndiye anayetakiwa. Kisu kinafanya kazi ndogo, na sehemu kubwa ya nyama inafaa.

Tunasema mwenye afya kwa sababu zipo bucha zitakazofurahi kupitisha mizoga kwa jina la kukausha. Mnyama achinjwe mahali palipoidhinishwa na nyama ipigwe muhuri na mkaguzi kabla haijaanikwa. Nyama ikishakauka, hakuna jicho litakalotambua ilitoka kwa mnyama gani.

Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini Kenya. Wanyama wale hawakufa siku moja. Walikonda kwa miezi, na kuna wiki ambazo walikuwa bado wazima, miguu ina nguvu, mafuta yamekwisha, mnofu upo. Hizo ndizo wiki za kuwanunua na kuwakausha. Serikali na mashirika ya misaada huanza kununua mifugo dhaifu wakati wengi hawawezi hata kusimama, na nyama mara nyingi hugawiwa mbichi na kuliwa siku mbili.

Serikali za kaunti za Isiolo, Marsabit, Garissa, Wajir na Mandera zitenge vikaushio na karai karibu na machinjio kabla ya mvua kukosekana tena, na ziwape vikundi vya akina mama wanaoijua kazi hii kandarasi ya kununua mapema.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) nalo lihakikishe kila pakiti ya nyama kavu inaonyesha kiasi cha mafuta kilichomo, karibu na tarehe ya kutengenezwa, kwa maandishi yanayosomeka. Mnunuzi wa jumla asisubiri sheria. Akate ukanda mmoja katikati, aunuse, aukunje. Ukiacha mng'aro wa mafuta kwenye vidole, apunguze bei papo hapo au aurudishe.