Jibu Liko Simuni, Swali Liko kwa Nani?

Kuna imani imeota mizizi nchi nzima, na Morogoro haikubaki nyuma: kwamba siku hizi hakuna haja ya kuweka kitu kichwani kwa sababu simu inajua kila kitu. Anayeuliza kijiweni Mto Ruvu unaanzia wapi anaambiwa aingie Google. Anayekumbuka mwaka wa vurugu za Uluguru anaonekana mtu wa kukariri. Na yule anayerusha "swali la leo" kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, katikati ya taarifa ya msiba na picha ya mtoto aliyezaliwa juzi, anaombwa aache kujaza simu za watu. Imani hii imevaa nguo za kisasa, na nadhani ndiyo sababu hata wasomi wanaibeba bila kuikagua. Mimi nasema ni imani potofu, tena inatugharimu.

Tazama kijiwe cha kahawa asubuhi, popote kati ya Msamvu na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Birika liko juu ya mkaa, vikombe vidogo vinasuuzwa kwenye ndoo moja na kurudi kwa wanywaji, kashata zimepangwa kwenye sinia, na gazeti moja limeshapita mikono ya watu sita kabla ukungu haujaondoka kwenye kilele cha Lupanga. Mmoja anasoma kichwa cha habari: Dar es Salaam kuna mgao wa maji. Mwingine anasema shemeji yake wa Mgeta mwaka huu amelima mpaka ukingoni mwa kijito. Wa tatu anauliza, maji ya Dar yanatoka wapi? Habari ya taifa, habari ya shemeji na swali la chemsha bongo: asiyejua atasema mambo yamechanganywa ovyo. Anayejua kwamba Ruvu inazaliwa Uluguru, kwamba Mto Mgeta unaingia humo, na kwamba mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya jiji, ataona kuwa ni jambo moja tu limesemwa mara tatu. Simu ilikuwa na jibu muda wote. Haikulitoa kwa kuwa hakuna aliyeiuliza, na simu haimjui shemeji wa mtu.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kitu kilichokaa kichwani ni kama msumari ukutani. Habari inayokuja kesho inapata mahali pa kutundikwa. Mtu wa Morogoro anayejua kwamba maji yake yanatoka Bwawa la Mindu, na kwamba bwawa hilo linalishwa na Mto Ngerengere na vijito vinavyoshuka kutoka milimani, akisikia mvua imekokota udongo wa mashamba ya juu ataelewa bila kuelezwa kwa nini udongo huo unamhusu yeye aliye bondeni. Asiyejua atasikia habari ya mvua, na wiki mbili baadaye atasikia habari ya maji machafu bombani, na hizo zitabaki kuwa habari mbili.

Chukua swali ambalo wengi wangelicheka: ni panya gani aliyetunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza? Jibu ni Magawa, panya buku aliyefunzwa hapa Morogoro na shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Alipelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na mwaka 2020 taasisi ya PDSA ikampa nishani. Likiishia hapo, ni burudani, na burudani si dhambi. Ila kijiweni haliishii hapo. Atatokea mtu aseme panya wengine wa aina hiyohiyo wananusa makohozi, kwamba sampuli ambazo zahanati imesema hazina kifua kikuu hunuswa upya, na kwamba wako wagonjwa waliogunduliwa kwa pua ya panya baada ya hadubini kuwakosa. Na kama kwenye benchi lile ameketi mzee ambaye kijana wake anakohoa wiki ya tatu sasa, mazungumzo yamekwisha geuka. Hakuna aliyemhubiria. Tangazo la kwamba kikohozi cha wiki mbili kinataka kipimo alikwisha kulisikia redioni mara nyingi, likampita kwa sababu lilikuja peke yake, halikushikamana na kitu chochote alichokuwa nacho. Panya ndiye aliyelishikiza.

Historia nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo uliofukuliwa kutoka chini haukuwa na rutuba. Mwaka 1955 watu wakafanya vurugu na mpango ukafa. Kwa upande wa Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko, ngazi zilikubalika. Sasa weka habari hiyo kando ya habari za leo. Ofisa akipanda kijijini na agizo la namna ya kulima mlimani, anayekumbuka 1955 ana swali mkononi: ngazi hizi zitamlipa mkulima, au zitamchosha tu? Mwenzake mwenye simu nzuri zaidi hana swali hilo, kwa maana mtu hatafuti asichojua kwamba kipo. Tena mengine hayamo kwenye simu yoyote. Waluguru wanahesabu ukoo upande wa mama, na mashamba mengi yameshikwa kwa njia hiyo. Nani ni mjomba wa nani, nani alipewa kipande kipi akalime na nani alikopeshwa tu, ni habari za watu binafsi ambazo siku ya mgogoro hugeuka kuwa ushahidi. Anayezifukuza kwenye mazungumzo kwa kuwa "si za maana" anachoma daftari la ardhi.

Watanibishia kwamba shule zetu zimeugua kukariri kwa miaka, na mimi nataka kurudisha ugonjwa huohuo. Pingamizi hili nalipa uzito wake. Swali linalokufa likishapata jibu halina faida, na mtoto anayemwaga majina ya vilele kama kasuku hajaelimika. Lakini dawa si kufuta swali. Wazee wetu walikuwa na kitendawili, na ndani yake sheria nzuri: ukishindwa, hupewi jibu bure, unatoa mji. Mtegaji anaupokea mji, anautembelea kwa maneno, anakula na kunywa humo, ndipo afumbue. Jibu lilikuwa na bei, na lililolipiwa halisahauliki upesi. Simu haidai mji.

Au tuseme umeuliza kilele kirefu kuliko vyote Uluguru. Ni rahisi kusikia mtu wa mjini akijibu Lupanga, maana ndicho kinachomtazama kila asubuhi, au Bondwa kwa sababu ya minara yake. Jibu ni Kimhandu, kusini huko, kinachopita mita 2,600 na ambacho mjini hakionekani. Simu itakupa jina na kipimo. Benchi la kahawa litakuonyesha pia ulivyokosea, kwamba ulidhani mlima unaoonekana mjini lazima uwe ndio mkubwa, na kosa hilo likishajulikana linafaa kwa mambo mengi zaidi ya milima.

Wengine watasema vijiwe ni viwanda vya uvumi. Ni kweli uongo upo. Tofauti ni kwamba uongo wa kijiweni una mwenyewe: ana sura, ana jina, ataulizwa "nani kakwambia?" na kesho atakuja tena kunywa kahawa akiwa amebeba alichosema jana. Ujumbe uliosambazwa mara mia hauna wa kuulizwa. Kasoro inayonisumbua zaidi ni nyingine: benchi la kahawa ni la wanaume. Wanawake wanaoshusha mboga kutoka Nyandira, wanaokutana kwenye vikoba, wanaopanga foleni kliniki, wana habari nyingi kuliko sisi na wanaulizwa maswali machache. Swali la leo linapaswa kufika huko, na majibu ya huko yarudi hapa.

Tarehe 10 Agosti 2019, palepale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Miaka kumi kabla yake, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo nchini Kenya, watu wakakimbilia petroli, moto ukalipuka, na huko pia waliokufa walizidi 100. Habari ile ilitangazwa wakati wake, na asubuhi ya Msamvu ilikuwa bado imo kwenye kila simu yenye intaneti. Siwalaumu marehemu. Umaskini unamsukuma mtu mahali ambapo akili yake peke yake isingempeleka, na sidai kwamba swali moja lingewazuia wote. Ila hakuna mtu anayepekua simu mbele ya petroli inayotiririka. Dakika ile kinachofanya kazi ni kile kilichokwisha kukaa kichwani, na kilikaa kwa sababu siku moja mtu alikiuliza, mwingine akabisha, wa tatu akasema ana ndugu Molo na akasimulia.

Malori yanaendelea kupita Msamvu usiku na mchana, yakielekea Dodoma na Iringa. Watoto waliozaliwa mwaka wa moto wa Msamvu sasa wako shule ya msingi. Swali la leo basi, kwa kila kijiwe kilicho kando ya barabara ile na kila kundi la ukoo lenye mtu anayeipita: Sachang'wan ni wapi, na kulitokea nini?