Siku Moja kwa Mwaka Haitoshi

Wanachuo wenzangu, kwenye TP nilipangiwa shule moja ya kata hapa hapa mkoani Dodoma. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili, mita 1500 anawaacha wenzake hadi unamwonea huruma wa pili. Siku ya mchujo wa UMISSETA ngazi ya kata akaamka na homa. Habari ikaishia hapo. "Mwakani, mwalimu," akaniambia.

Ndivyo ngazi zilivyo: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Ukiteleza chini, unasubiri mwaka mzima. Na timu inayofika fainali za taifa, kama zile za Mtwara mwaka 2021, ni kombaini ya mkoa. Shule nyingi zilishatoka zamani, mpira umerudishwa stoo.

Siipigi vita UMISSETA. Kaka na dada zetu wanakumbuka michezo ilipopigwa marufuku mashuleni miaka ya mwanzo ya 2000. Hatutaki kurudi huko. Ninachosema ni kwamba mashindano ya mchujo yanahitaji ligi chini yake.

Marekani, sekondari za jirani hujiunga kwenye ligi ya kanda, zikachuana msimu mzima, nyumbani na ugenini. Sisi tunashindwa nini? Chukua shule sita zilizo karibu pale Kongwa au Bahi, zipange Jumamosi mbili kwa mwezi. Ukifungwa leo, wiki mbili zijazo unarudi uwanjani.

Najua mtasema nauli. Ndiyo maana nasema shule za jirani. Watoto wetu wanatembea umbali huo kila siku kwenda darasani. Marefa na watunza muda? Ni sisi tunaosomea ualimu, tukiwa TP. Walimu wa michezo wabaki na kazi ya kufundisha timu.

Septemba 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, jirani zetu kabisa, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo. Alimpita wa pili kwa sekunde 0.03 tu, baada ya kilomita 42. Tulishangilia sana. Lakini jamani, bingwa hatoki kwenye siku moja.

Serikali ya wanafunzi ianze na orodha ya watakaojitolea TP ijayo. Jina langu liandikwe la kwanza. Yule binti sasa yuko kidato cha tatu, na muda haumsubiri.