Lumbwi mchanga akigoma kula, tuangalie makao yake

Mnamo Mei 7, 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikamatwa Naivasha wakiwa na wadudu aina ya chungu wapatao 5,000 waliotiwa kwenye vijichupa, tayari kwa soko la wafugaji ng'ambo.

Barazani kesi hiyo ilizua kicheko: milioni nzima kwa wadudu? Mimi naiona kuwa onyo, hasa kwetu sisi wa Pwani. Kiumbe mwingine mdogo anayependwa na wafugaji wa ng'ambo anaishi kwenye ua wa jirani. Huyo ni lumbwi, ndiye kinyonga.

Hapa Makupa, mvua zikishanyesha na majani kuota, watoto humkamata lumbwi mchanga, wakamtia kwenye katoni ya viatu na kumpelekea mende aliyekufa na kisahani cha maji. Siku ya pili wanauliza, mbona hali? Siku ya nne au ya tano huwa hana nguvu tena. Wazee nao husema lumbwi ni mkosi, afadhali afe. Kwa maoni yangu, mkosi wake ni ile katoni.

Lumbwi huwinda kwa macho. Humtambua mdudu kwa jinsi anavyotembea, kwa hivyo mende mfu kwake ni sawa na kijiti. Ulimi wake hurefuka kupita mwili wake, na unahitaji nafasi ya kurushwa, nafasi ambayo katoni haina. Maji ya kisahani hayatambui. Yeye hulamba matone juu ya majani, ya umande au ya mvua. Akikosa maji, hamu ya kula nayo huisha. Tena ni mwoga: akizungukwa na nyuso za watu na mikono ya kumshikashika, hujiona amekamatwa na adui, na aliye mbele ya adui hali.

Tuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa lumbwi siku tatu hizo hazitoshi hata kumzoeza tawi jipya.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka hapa kwetu Kenya. Mwaka 1972, vinyonga kadhaa wenye pembe tatu, wale wa nyanda za juu, walisafirishwa hadi Hawaii kuuzwa kama wanyama wa kufuga. Walifika wamekonda na kukauka kwa kiu. Mwenye duka akawaachilia bustanini mwake wapate nafuu, akitarajia kuwakusanya baadaye. Kwenye miti, wakiwa na umande na wadudu hai, walikula, wakanawiri, wakatoroka na kuzaana. Leo wameenea visiwani humo na wanakula wadudu na konokono wa asili ambao hawapatikani kwingine duniani. Safari ya kibiashara iliwadhoofisha, mti ukawaponya, na hasara ikawaangukia viumbe wa wenyewe.

Serikali zetu zimelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Kenya ilipiga marufuku kuuza nje kinyonga huyo wa pembe tatu mwaka 1981. Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Sheria yetu ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali kabla ya mtu kumiliki mnyamapori, na udogo wa mnyama si kinga, kama walivyogundua wale wa chungu. Hata hivyo, sheria inafanya kazi zaidi kwenye viwanja vya ndege kuliko mitaani. Sijaona mtu akija kuwaeleza watoto wa Makupa kwa nini lumbwi si kitu cha kuchezea, ilhali mnunuzi akija atawatafuta watoto hao hao, wanaojua alipo.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na shule zetu: somo hili lifundishwe chini ya mti, lumbwi akiwa tawini mwake, watoto waone ulimi ukirushwa. La pili ni kwa wazazi: mkimkuta ndani ya katoni, msihangaike kumlisha. Mrudisheni leo hii kwenye kichaka alikotolewa.

Najua pia wapo ndugu zetu Ulaya na Marekani ambao watoto wao wamenunuliwa kinyonga mchanga dukani, kihalali. Kwanza ulizeni kama alizaliwa kwa mfugaji au alitolewa porini. Kisha mwekeni peke yake, mahali pa juu, penye majani ya kujificha. Nyunyizeni maji majanini kila siku. Mpeni wadudu hai wadogo, wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake, waliopakwa unga wa kalsiamu. Tafuteni taa maalumu inayotoa miale kama ya jua, maana kioo cha dirisha huizuia miale anayoihitaji kujenga mifupa. Siku za mwanzo msimshike wala msimkodolee macho. Akiendelea kukataa na macho yakaanza kuzama, huyo ni wa daktari wa wanyama, tena upesi.

Hesabuni gharama ya vitu hivyo vyote: taa, dawa, wadudu wa kununua kila wiki. Ndivyo vitu ambavyo mwarobaini na umande wa Makupa humpa lumbwi bure.