Kiwanja cha Seremala

Juma hili naacha habari za kuku na bustani, maana wengi wameniuliza juu ya viwanja. Mtu ana kazi mjini, lakini ataka kukaa shamba, ajenge nyumba na karakana papo hapo, arande mbao zake jioni watoto wakimwona. Nia ni njema. Taabu ni kiwanja.

Shemeji yangu ni seremala, mchana yuko kazini mjini Morogoro. Mwaka jana dalali alimpeleka kijiji kimoja kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, akamwonyesha kiwanja kizuri mno, tambarare, kimegusa lami. Akarudi anacheka peke yake. Akiba ya miaka sita ilikuwa tayari kutoka. Dada yangu ndiye aliyeuliza, "Toka katikati ya barabara umepima hatua ngapi, baba Rose?" Hakupima. Jumapili tukaenda na kamba. Sheria ya Barabara ya 2007 yatenga mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zaidi ya nusu ya kiwanja kile ilikuwa humo! Ajengaye hapo ataamka siku moja akute alama ya X nyekundu ukutani.

Tangu siku hiyo tulitafuta basi kabla ya ardhi. Shemeji alipanda gari asubuhi na jioni, siku za kazi, juma zima, kwani safari ya Jumapili hudanganya. Kijiji cha mbali kilikuwa na bei nafuu, lakini nauli ya mwaka ingeila nafuu yote, na gari la mwisho la jioni halina saa.

Kisha nendeni wakati wa masika. Mahali pakavu mwezi wa Agosti huenda pakawa dimbwi mwezi wa Aprili, na mbao hazipendi maji. Nguzo ya umeme kupita jirani haitoshi: mashine kubwa ya kuranda yataka umeme wa njia tatu, basi ulizeni gharama kabla ya kulipa shilingi moja. Tena kelele za msumeno si za kuweka karibu na zahanati.

Kubwa zaidi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Muhuri wa mtendaji peke yake haukupi ardhi. Halmashauri ya kijiji hugawa kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji; hata ukinunua kwa mtu, halmashauri lazima ikubali. Mke wa muuzaji naye awepo, atie sahihi. Mwisho ombeni hati ya hakimiliki ya kimila.

Kiwanja alichopata shemeji kiko nyuma ya miembe, mbali kidogo na lami. Mkutano utakaa baada ya mavuno. Fedha ingali benki, na dada amekwisha sema hakuna jiwe litakalobebwa mpaka auone muhtasari kwa macho yake.