Japani: kikomo cha kazi kimewekwa kando ya kaburi



Wengi wetu tunajua Japani kupitia magari yake na sifa ya watu wake kupenda kazi. Lakini Wajapani wenyewe wako na neno ambalo inafaa kulijua: karoshi. Maana yake ni kufa juu ya kazi ya kupita kiasi. Moyo unasimama, mshipa wa ubongo unapasuka, ao mtu anachoka mpaka anajiua.

Siku ya Noeli 2015, Matsuri Takahashi, binti wa miaka 24, mfanyakazi wa kampuni kubwa ya matangazo Dentsu, alijitoa uhai kule Tokyo. Mwaka 2016 serikali ilikubali kwamba kazi njo ilimuua: ndani ya mwezi moja alikuwa amepitisha saa 100 za nyongeza. Mwaka 2017 tribinali ilipiga Dentsu faini ya yen 500,000. Ni dola elfu chache tu. Mama yake hakunyamaza.

Familia za wafiwa na mawakili walikuwa wamepigana tangu zamani. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia karoshi, na Juni 2018 likabadilisha sheria ya kazi. Tangu Aprili 2019 kwa kampuni kubwa, na Aprili 2020 kwa ndogo, saa za nyongeza hazipaswi kupita 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Zamani, mwajiri akiwa na makubaliano maalum na wafanyakazi, aliweza kuongeza saa bila mwisho. Leo mwenye kuvunja sheria anaweza kupata jela miezi 6 ao faini ya yen 300,000.

Tunapongeza. Lakini tusome vizuri.

Sheria ile ile iliacha mlango wazi: kazi ikizidi, saa zinaweza kupanda mpaka 720 kwa mwaka, na kufika karibu 100 ndani ya mwezi moja. Na serikali ikichunguza kama mtu amekufa juu ya kazi, inaangalia saa ngapi? 100 kwa mwezi moja, ao wastani wa 80 kwa miezi 2 mpaka 6. Namba ni zilezile! Maana yake unaweza kumpeleka mtu mpaka kando ya shimo, mradi usimusukume.

Ilikuwaje? Machi 2017, waajiri wa Keidanren na sendika ya Rengo walibishana: "mpaka 100" ao "chini ya 100"? Waziri Mkuu Shinzo Abe aliomba iwe "chini ya 100". Wafiwa walipinga, mama wa Matsuri pamoja nao. Hawakusikilizwa.

Na kuna walioachwa nyuma. Madereva wa malori, wajenzi na madaktari walingojea mpaka Aprili 2024. Dereva anaruhusiwa saa 960 kwa mwaka. Madaktari wa hospitali fulani, mpaka 1,860. Gawanya kwa miezi 12, utaona mwenyewe.

Kwetu somo ni hili: wafiwa njo walisukuma sheria hii, na pale sauti yao ilizibwa, wenye mali walijaza nafasi. Kwa hiyo kijana, ukiambiwa kuna sheria mpya ya kazi, usifurahie jina lake tu. Uliza kikomo ni ngapi, nani alikipanga, na nani ameachwa inje.

Kazi ituishishe. Isituzike.