Muhuri hauzibi shimo

Ukipata kazi, iwe ya kukagua mijengo, magari au hata mitungi ya gesi, siku moja mdosi atakusukumia karatasi na kukuambia, "Tia sahihi hapa, ni kawaida tu." Kabla hujashika kalamu, sikiza habari ya meli ya Marekani iliyoitwa Marine Electric.

Iliundwa mwaka wa 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, ili kubeba mafuta. Enzi hizo meli zilifyatuliwa haraka kama matofali. Hoja ilikuwa kushinda vita, wala si kuunda chombo cha kudumu miaka 40.

Vita viliisha ila meli haikustaafu. Ilibadilishwa jina, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikakatwa na kuongezwa kipande kipya katikati ili ibebe zaidi. Mwishowe ikawa ya kupeleka makaa ya mawe kutoka Norfolk, Virginia, hadi mtambo wa umeme huko Massachusetts.

Mbona haikuuzwa kama chuma chakavu? Sheria ya Marekani hutaka mizigo kati ya bandari zake ibebwe na meli zilizoundwa nchini humo, na meli mpya ilikuwa ghali mno. Kuukuu ilileta faida. Basi ikatiwa viraka.

Mabaharia walijua. Vifuniko vya vyumba vya mizigo vilikuwa vimeliwa na kutu, na mashimo yakazibwa kwa vipande vya bati na gundi. Lakini kazi za baharini zilikuwa zimepungua. Ukikataa kupanda, kuna mwingine kwenye foleni. Lugha hiyo unaielewa vizuri, sivyo?

Februari 10, 1983, meli iling'oa nanga Norfolk ikiwa na watu 34 na zaidi ya tani 24,000 za makaa. Ikakumbana na dhoruba. Alfajiri ya Februari 12 sehemu ya mbele ilikuwa imelemewa na maji, kisha meli ikapinduka mabaharia wakijiandaa kuingia kwenye mashua za kujiokolea. Maji yalikuwa na baridi ya takriban nyuzi 3. Helikopta ilipofika na kuteremsha kikapu, mikono ya watu ilikuwa imeganda hata haingeweza kukishika. Watu 31 walikufa. Watatu pekee ndio waliopona.

Uchunguzi ulipofanywa, likaibuka jambo la kutia uchungu: kwenye makaratasi, vifuniko vile vilikuwa vimekaguliwa na kupita, tena katika kipindi ambacho vilikuwa vimeondolewa melini. Mtu aliidhinisha kitu ambacho hakikuwepo.

Baada ya vifo hivyo, ukaguzi ulikazwa, meli nyingi kuukuu za wakati wa vita zikaondolewa baharini, mavazi ya kukinga baridi yakawa lazima katika maji baridi, na kikosi cha ulinzi wa pwani kikaanzisha waokoaji wa kuruka majini. Yote mazuri, ila yangeweza kufanywa mapema.

Utaniambia, "Nikikataa nitafutwa, na landilodi hasubiri." Kweli kabisa, na anayekuambia uthubutu ni rahisi anakudanganya. Lakini kuna hatua ndogo unazoweza kuchukua. Usitie sahihi kwa kitu ambacho hujakiona kwa macho yako. Ukiona kasoro, iandike, weka tarehe, piga picha, na ubaki na nakala. Uliza swali mbele ya wenzako, si kwenye korido. Miongoni mwa waliopona Marine Electric alikuwamo afisa aliyeyajua mashimo yale, na ushahidi wake uliwapa wachunguzi ukweli ambao makaratasi yaliuficha.

Wakubwa watakuita mtu wa noma. Sawa, na wakuite. Sahihi ni yako, na atakayepanda chombo hicho kesho ni mtoto wa mtu.